Shanga za Shambani kwa Mama Sila

Binti wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, kisha akatikisa kichwa.

"Daktari, wewe upo. Hawa wageni wako hawapo."

"Niliwaandikisha mwenyewe," alisema Loisi. "Evelina Mnyambi na Daudi Mnyambi. Wametoka Kibakwe, Mpwapwa."

"Wanatoka taasisi gani?"

Loisi alivuta pumzi. Nyuma yake Mama Sila alikuwa amesimama kimya, khanga mpya imefungwa juu ya gauni lake la kanisani. Pembeni yake alisimama shemeji yake, Mzee Daudi, ndani ya koti la suti lililombana mabegani, akikagua dari la hoteli kama fundi aliyeitwa kulikarabati.

"Hawana taasisi. Mada ninayowasilisha leo inahusu shamba la mama huyu. Ndiyo taasisi yenyewe."

Binti akafikiri kidogo, kisha akachapisha vitambulisho viwili. Mzee Daudi, ambaye wajukuu wake walikuwa sekondari, akavishwa shingoni kadi iliyoandikwa "Mwanafunzi", sawa na ya Mama Sila. Aliisoma, akamtazama Loisi, hakusema neno. Loisi aliona afadhali angesema.

Alikuwa amewaita kwa sababu ya jambo zito. Kwa misimu miwili ya kiangazi, yeye na wanafunzi wake walikuwa wamechimba kwenye shamba la Mama Sila, mlimani juu ya Kibakwe, wakifukua matanuru ya kuyeyushia chuma ya miaka mia saba iliyopita. Walipata vipande vya udongo uliounguzwa, mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha, kwa marundo, na chini ya tanuru moja, katika kishimo kilichofunikwa kwa jiwe bapa, walipata shanga za kioo. Kwa Loisi, shanga zile zilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kukutana nazo katika kazi yake. Kwa kijiji zilikuwa habari nyingine kabisa. Watu wakasema wasomi hawaji na mahema na majembe madogo kutafuta uchafu wa chuma. Wakasema wamefukua dhahabu ya Wajerumani, ile iliyozikwa wakati wa vita, na Mama Sila amepewa mgawo wake.

Mzee Daudi ndiye aliyelipeleka suala hilo kwenye ukoo. Shamba lilikuwa la marehemu kaka yake. Kama mjane ameuza kilichokuwa chini yake, alisema, basi hastahili kulishika tena. Ukoo ulikuwa umepanga kukaa Jumamosi ya wiki ile kuamua.

Loisi alipopata habari hizo alipanda hadi Kibakwe, akaketi nao wote wawili uani kwa Mama Sila, akasema: "Njooni Dodoma. Nitasimama mbele ya watu wa nchi nyingi nieleze tulichokipata. Mzee, utauliza lolote unalotaka, mbele ya wote. Mtu hawezi kudanganya mbele ya ukumbi mzima." Mzee Daudi alikubali kwa shingo upande. Mama Sila alishukuru mpaka Loisi akaona haya.

Sasa walikuwa wamefika, na mgeni rasmi alikuwa hajafika.

Lilikuwa kongamano la kimataifa la taaluma za Zama za Kati. Waliohudhuria wengi walibobea katika makasri, nyumba za watawa na maandishi ya kwenye ngozi, na walikuja wamevaa kofia pana kwa ajili ya jua. Ratiba ilimweka Loisi asubuhi, mara tu baada ya ufunguzi. Lakini bila mgeni rasmi hakuna ufunguzi, na bila ufunguzi hakuna mada. Kina mama wa kikundi cha ngoma waliokodiwa kumpokea waliketi nje, ngoma zao za muheme mapajani, wakisogea kila kivuli kiliposogea. Mama Sila aliwafuata akawasalimu kwa Kigogo, wakaanza kuulizana koo. Loisi aliwaonea wivu. Angalau wao walijua wanachosubiri.

Karishma alimkuta akizunguka varandani. Walikuwa wamesoma pamoja sekondari hapa hapa Dodoma, Karishma akitokea nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, Loisi akitokea mtaa wa Kikuyu. Leo Karishma alikuwa mtaalamu wa kioo cha kale, na ndiye aliyezichunguza shanga zile.

"Umewaleta?" aliuliza.

"Wako pale. Mzee ameshaanza kununa. Na zenyewe umezileta?"

Karishma aligusa mkoba wake. "Zipo kwenye kiboksi chake. Kibali kinasema niwe nazo mwenyewe, basi hata chooni naenda nazo."

Mgeni rasmi alifika muda wa chai ukiwa umepita. Alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, akimtaja mmoja baada ya mwingine. Hotuba yake ilihusu utalii. Baada yake akasimama mtoa mada mkuu, profesa kutoka ng'ambo, mzee mwenye sauti nzuri, aliyezungumzia swali moja tu: je, inafaa kusema kwamba Afrika ilikuwa na Zama za Kati?

Loisi aliketi katikati ya wageni wake akiwatafsiria kwa kunong'ona.

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Daudi.

"Anauliza kama miaka ile ya huku kwetu tuiite Zama za Kati."

"Kati ya nini na nini?"

"Hapo ndipo wanapogombana, mzee."

"Na dhahabu ameitaja?"

"Hajaitaja."

Mzee Daudi alikunja mikono. Profesa aliendelea. Alipomaliza, waliuliza maswali watu ambao hawakuwa na maswali, bali hotuba zao wenyewe. Mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema hapana, wa tatu alisema inategemea. Loisi aliwasikiliza. Kule mbele walikuwa wakibishana kama kulikuwa na zama, na yeye alikuwa na tanuru zima, na makaa yake, na shanga zilizovuka bahari, na hakuna aliyempa nafasi ya kufungua mdomo.

Kisha mshereheshaji akatangaza chakula, na baada ya chakula picha ya pamoja. Na kwa kuwa muda umetubana, alisema, mada za asubuhi zitahamia mchana, na baadhi zitaunganishwa.

Loisi alimwendea Profesa Batholomeo, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, akamkuta na sahani mkononi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Loisi! Umeona jinsi watu walivyojaa? Tumefanya kazi."

"Profesa, mada yangu imeunganishwa na nini?"

"Umewekwa kwenye kikao cha 'Sauti za Wenyeji'. Mko sita. Kila mmoja atakuwa na dakika chache tu, kisha majadiliano."

"Lakini niliahidiwa kikao kamili. Nina matokeo mapya ambayo hakuna mwingine hapa anayo. Na nina wageni, waliotoka mbali kusikiliza jambo hili hili. Kwao hii si mada ya kitaaluma. Kuna mtu anaweza kunyang'anywa shamba."

Profesa Batholomeo alimtazama kwa huruma, huruma ya mtu anayetaka kurudi kwenye kuku wake. "Loisi, wewe ni mwenyeji. Mwenyeji hula mwisho. Hawa wamepanda ndege. Nikimkata mmoja wao, mwaka kesho hawarudi. Wewe nitakuona Jumatatu ofisini."

"Na wageni wangu nitawaona Jumatatu wapi?"

"Usinikasirikie. Halafu, tafadhali, utumie Kiingereza. Kikao kinarekodiwa."

Aliondoka. Loisi alibaki amesimama katikati ya ukumbi wa chakula, machozi ya hasira yakimwasha machoni, akijilazimisha yasianguke.

Picha ya pamoja ilipigwa kwenye ngazi za hoteli, upepo wa Novemba ukirusha vumbi na kofia za watu. Mpiga picha aliwapanga, akawapangua, akawapanga tena. Mama Sila na Mzee Daudi waliombwa wasogee pembeni kwa sababu walimziba mtu wa ubalozi. Loisi alitoka kwenye mstari wake akaenda kusimama nao huko huko pembeni, hivyo kwenye picha ile, iliyotundikwa baadaye kwenye korido ya idara yao, hayumo.

"Mwanangu," Mama Sila alisema taratibu, "kama haiwezekani, tuambie. Basi la Mpwapwa halitusubiri."

"Itawezekana, mama."

"Naona wanakuzungusha," alisema Mzee Daudi. Kisha akaongeza, na safari hii sauti yake ilikuwa na makali: "Au wewe ndiye unayetuzungusha sisi. Asubuhi mchana, mchana jioni. Mtu mwenye jambo la wazi hahitaji siku nzima kulisema."

Mama Sila aliinamisha kichwa. Loisi angejibu nini? Kwamba wasomi wanaweza kutumia siku nzima kutosema jambo la wazi, na wala hakuna dhahabu inayofichwa?

Kikao cha "Sauti za Wenyeji" kilifanyika katika chumba kidogo kilichoitwa Mtera, ambamo hapakuwa na projekta. Ile moja ilikuwa ukumbi mkubwa, ambako mtu alikuwa akionyesha picha za vioo vya madirisha ya makanisa. Loisi alikuwa ametayarisha picha kwa miezi: mkato wa udongo tabaka kwa tabaka, lile jiwe bapa, shanga zilipolala. Alifunga kompyuta yake akaisukuma mezani.

Aliitwa wa mwisho. Wazungumzaji waliomtangulia walikuwa wamekula muda wao na wake. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mpole kutoka ng'ambo, alimwonyesha saa yake kwa masikitiko.

Loisi alisimama. Alikuwa na karatasi yake ya Kiingereza mkononi, sentensi zake zimepigwa msasa hadi zikang'aa. Aliwatazama watu wachache waliobaki, wengi wao vichwa kwenye simu. Akawatazama wawili wa mstari wa nyuma, wenye vitambulisho vya wanafunzi. Aliikunja karatasi.

"Nitasema kwa Kiswahili," alisema, "kwa sababu nina deni kwa watu wanaokielewa."

Mwenyekiti aliinua mkono, akasema kwa upole kwamba kuna rekodi. Loisi alimwambia kwa Kiingereza kwamba anajua, na kwamba anaomba radhi, kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Kwenye shamba la Evelina Mnyambi hatukukuta dhahabu. Hatukukuta sanduku, wala rupia, wala mifupa ya Mjerumani. Tulikuta matanuru ya kuyeyushia chuma. Miaka mia saba nyuma, watu wa mlima ule walikuwa wahunzi. Kabla ya kuwasha tanuru walichimba kishimo chini yake, wakaweka shanga, wakafunika kwa jiwe, wakajenga juu. Waliliombea tanuru lao, kama mtu anavyoombea nyumba mpya. Shanga hizo zilitengenezwa India. Maana yake chuma cha Kibakwe kilishuka mpaka pwani, na kitu cha mbali namna hiyo kikapanda mpaka kule juu. Hiyo ndiyo mali iliyokuwa chini ya shamba. Haiuziki, na hakuna aliyeiuza."

Karishma hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake na kile kiboksi, akafika mstari wa nyuma, akachuchumaa mbele ya Mzee Daudi na kukifungua. Ndani, juu ya pamba, zilikaa shanga nane, ndogo kama mbegu za mtama, nyekundu ya matofali na njano iliyofifia.

"Shikamoo, baba. Ndizo hizi. Usiziguse tu, zinavunjika."

Mzee Daudi aliinama mpaka pua ikakaribia pamba. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha alisimama, akanyoosha koti, akauliza kwa sauti ya mkutano wa kijiji:

"Nauliza. Ndizo zote? Misimu miwili watu kumi wamechimba, wamepata hizi tu? Dhahabu yenyewe iko wapi?"

Mtu mmoja mbele alimtafsiria jirani yake kwa Kiingereza. Jirani akacheka. Kicheko kikapita chumbani, si kikubwa, kicheko cha watu waliochoka waliopata kitu cha kuwaamsha. Mmoja alitoa simu akampiga picha mzee na kadi yake ya "Mwanafunzi".

Uso wa Mzee Daudi ulibadilika. Alibaki amesimama, hajui akae au atoke.

Loisi alifungua mdomo, lakini Mama Sila alikuwa ameinuka kabla yake. Tangu asubuhi hakuwa amepaza sauti.

"Msimcheke," alisema. "Wewe mwenye simu, ishushe. Huyu ni shemeji yangu. Amekuja kuuliza habari za shamba la kaka yake. Sasa kuuliza ni kosa? Nyinyi si mmeuliza tangu asubuhi?" Hapo Kiswahili kikamwishia. Aliendelea kwa Kigogo, haraka, na mle chumbani ni Loisi na Mzee Daudi pekee waliofahamu kwamba alikuwa akimtaja marehemu mumewe, akisema kwamba huyu mnayemcheka ndiye aliyelichimba kaburi lake kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaketi ghafla, kama aliyeshtukia mahali alipo.

Mwenye simu aliishusha. Mwenyekiti, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa sura, aliomba radhi, na watu wawili watatu wakapiga makofi hafifu yasiyojulikana ni ya nini. Loisi alijaribu kumjibu Mzee Daudi: kwamba ndizo zote, kwamba kazi yao ni kuchuja udongo kwa chekeche, kwamba mwaka unaokuja huenda wakajua zaidi. Alikuwa katikati ya sentensi mlango ulipofunguliwa. Kijana wa hoteli alikuja kuwaambia kwamba mabasi ya kuwapeleka wageni kwenye hafla ya jioni yanaondoka. Watu wakainuka, viti vikaburuzwa. Hapo ndipo mada ya Loisi ilipoishia.

Aliwapeleka wageni wake stendi kwa gari la Karishma. Mzee Daudi aliketi mbele, kadi yake ikiwa mfukoni. Walipokuwa wakishuka, alimsaidia Mama Sila kubeba mfuko wake, jambo ambalo asubuhi hakulifanya.

"Nimeona shanga," alimwambia Loisi. "Dhahabu sikuiona. Nitasema nilichokiona."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Wenzako wale hawana adabu."

Wiki iliyofuata Loisi alipata barua pepe ya kamati. Kwa kuwa wasilisho lake halikufuata lugha ya kongamano na halikukamilika, lisingeingia kwenye kitabu cha mada. Alikwenda kwa Profesa Batholomeo ile Jumatatu aliyoahidiwa, akaambiwa amesafiri. Karishma alitukana kwa Kigujarati, kisha akasema wataituma makala kwenye jarida jingine, hata ichukue miaka miwili. Loisi alisema sawa. Lakini alikuwa na hasira ambayo hakujua aitue wapi, na kwa siku kadhaa aliwafokea wanafunzi kwa makosa madogo.

Mwezi uliofuata, Mama Sila ndiye aliyempigia simu kumpa habari za ukoo.

"Walikaa," alisema. "Shemeji alisimama mbele ya wote. Alisema ameziona kwa macho yake, vishanga vya kizamani, hata mtoto mchanga huwezi kumvalisha. Alisema shamba libaki kwangu, na mtu asinisumbue tena."

Loisi alikaa kitini. Kwa mara ya kwanza tangu kongamano lile alijisikia kupumua. "Nimefurahi, mama. Nimefurahi sana."

"Ila mwanangu, kuna jambo." Mama Sila alisita. "Wamesema maneno yamekuwa mengi. Hawataki kuchimbwa tena. Na mimi nimekubali."

"Mama, lile tanuru la upande wa mlimani tumelifungua nusu tu. Likinyeshewa..."

"Najua. Mvua imeshaanza huku. Mashimo yale nilimwambia Sila ayafukie, akaleta ng'ombe wa plau. Tumepanda karanga."

"Na pale mlimani?"

"Pale pia. Udongo wa pale una rutuba, ule mweusi mliougeuza." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini haikuwa ya kuomba ruhusa. "Usinielewe vibaya. Misimu miwili sikulima kwa sababu ya mashimo, na nilikuwa naogopa kupita kisimani kwa maneno ya watu. Mwaka huu nataka nilime tu, nilale."

Loisi alitaka kumweleza kwamba ule udongo mweusi ni majivu ya miaka mia saba, kwamba ndani yake kulikuwa na majibu ambayo hayapatikani popote pengine duniani, na kwamba plau imeyapitia yote kwa asubuhi moja.

"Nakuelewa, mama," alisema. "Karanga zimeota vizuri?"

"Zimeota. Njoo tuzing'oe zikikomaa. Uje bila majembe yako yale madogo."

Mama Sila alicheka. Loisi alijaribu kucheka pia, akaagana naye vizuri, akaweka simu mezani. Kisha alifungua kompyuta, akaitafuta picha ya mkato wa udongo, akaitazama tabaka kwa tabaka mpaka kioo kikajizima chenyewe.